Ridhaa ya Mama Kabula

Mwamvita Sadala alikuwa amebakiza skrubu mbili za kisanduku cha ukutani aliposikia sauti ya mtu aliyekwisha kufa ikitangaza hali ya hewa.

Aligeuka taratibu, bisibisi mkononi. Kwenye runinga ya sebuleni alisimama binti wa miaka thelathini hivi, amevaa gauni la kitenge cha bluu, nyuma yake ramani ya mkoa wa Tabora.

"Mchana huu ni jua kali Urambo na Sikonge," alisema yule binti. "Hapa mjini mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki, na ikifika alasiri tutegemee mvua. Mama, usisahau nguo kambani."

Bi Milembe, mwenye nyumba, alicheka peke yake pale kwenye kochi. "Unamwona? Nguo zangu anazitangazia mkoa mzima."

Mwamvita alichungulia dirishani. Mashariki, kweli, mawingu yalikuwa yanajikusanya. Kambani zilining'inia kanga mbili na shuka.

Alimjua mtangazaji yule. Tabora nzima ilimjua. Kabula Ngassa alikuwa ndani ya gari la kituo chake siku liliposombwa na mafuriko kwenye njia ya Igunga, akienda kuwaonyesha watazamaji maji yalivyopanda. Ilikuwa miaka saba iliyopita. Mwamvita wakati huo alikuwa bado anajifunza kazi, na alisimama kando ya barabara pamoja na umati jeneza lilipopitishwa.

Mumewe Bi Milembe alitokea kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni. Aliweka kidole mdomoni, kisha akamwashiria Mwamvita amfuate nje.

Mzee Ngassa alikuwa dereva wa treni mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye kawaida ya kutazama saa kabla ya kusema neno. Walisimama kibarazani, chini ya waya mpya wa mkongo ambao Mwamvita alikuwa ameuvuta asubuhi ile kutoka nguzo ya barabarani.

"Ni saa sita na dakika ishirini," alisema mzee. "Wale wa kampuni ya Duara wanafunga saa ngapi hasa?"

"Saa tisa kamili, baba. Mitambo yao yote inazimwa nchi nzima. Baada ya hapo ni sisi Mawanda tu."

"Na Siku Tulivu itahamia kwenu kama ilivyo?"

Mwamvita alisita. Alikuwa ameshaliona neno hilo kwenye hati ya kazi: *Mteja ana kifurushi cha Siku Tulivu.* Kilikuwa kifurushi cha wagonjwa wa kusahau. Familia ilichagua siku moja ya zamani, siku ambayo mgonjwa alikuwa na amani, na kisimbuzi kikaigeuza siku hiyo kuwa leo ya kila siku. Hakikurudia picha zile zile. Kilifuma vipindi vipya kila asubuhi kutokana na kumbukumbu za vituo: watangazaji wale wale, ligi ya mpira ya mwaka ule ule, bei za sokoni za wakati ule. Jicho dogo juu ya paa lilisoma anga ili hali ya hewa ya kwenye runinga isipingane na dirisha. Mgonjwa aliamka, akawasha runinga, akaikuta dunia aliyoiacha jana.

"Itahamia," alisema. "Ila mtazamaji mwenyewe lazima aulizwe, baba. Ndiyo sheria mpya."

Sheria ile ilikuja baada ya watoto wa mzee mmoja kumtengenezea baba yao mkutano wa kijiji ambao haukuwahi kufanyika, akaangalia, akaamini, akatia dole gumba shamba liuzwe. Tangu hapo kila aliyekuwa na Siku Tulivu alipaswa kuulizwa na mtu asiye wa familia, runinga ikiwa imezimwa, kama anakubali kuonyeshwa mambo yasiyo ya kweli. Kishikwambi cha fundi kilirekodi. Mwishoni fundi aliandika jibu, kisha akachagua kimoja kati ya vitufe viwili: *alielewa* au *hakuelewa*. Aliyeelewa, jibu lake lilisimama mwaka mzima. Asiyeelewa aliweza kuulizwa tena siku ile ile.

"Nimeambiwa wewe una namna nzuri ya kuuliza," alisema Mzee Ngassa.

Mwamvita aliona haya. Alikuwa ameshajaza fomu thelathini na nane, zote ndiyo. Aliuliza kwa upole, kwa maneno machache: mama, unakubali vipindi vyako viendelee kama ulivyozoea? Nani angekataa?

"Nitamuuliza kwa namna hiyo hiyo, baba. Usiwe na wasiwasi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kupungukiwa wasiwasi.

Ilipofika saa saba na robo kisimbuzi kipya kilikuwa mahali pake, taa zake tatu za kijani zimetulia, kinasubiri ridhaa tu ili kipokee kazi kutoka kwa kile cha Duara. Mwamvita alizima runinga, akavuta stuli mbele ya Bi Milembe, akapakata kishikwambi. Mzee Ngassa alibaki mlangoni.

"Mama, mimi ni fundi wa Mawanda. Leo tunakuhamishia huduma yako. Unakubali vipindi vyako viendelee kuja kama ulivyozoea?"

Bi Milembe alimtazama, akakitazama kishikwambi na kitaa chake chekundu, akamtupia jicho mumewe, kisha akamrudia fundi.

"Mwanangu, swali lilivyoandikwa hapo ndivyo hivyo?"

"Ndivyo, mama. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi." Bi Milembe alinyoosha mgongo. "Nimekuwa mkalimani wa mahakama miaka ishirini na sita. Kinyamwezi kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kinyamwezi. Siku moja wakili alininong'oneza kwamba yule mama kizimbani ana presha, hukumu nimpunguzie. Nilikataa. Nikimpunguzia, kesho ataamka gerezani hajui nani alimpeleka. Nisomee lote."

"Mama Kabula," alisema Mzee Ngassa kutoka mlangoni, "fundi ana nyumba nyingine za kwenda."

"Hajasema hivyo."

Hakuna aliyewahi kumwomba asome lote. Aliangalia chini, akasoma: "Je, wewe mtazamaji unakubali kuonyeshwa, kana kwamba ni habari za kweli za leo, mambo ambayo si ya kweli au si ya leo, yaliyotengenezwa kwa ajili yako?"

"Yaliyotengenezwa kwa ajili yangu," Bi Milembe alirudia polepole, kama anayepima neno kabla ya kulifasiri. "Mambo gani?"

Fomu ilikuwa na sehemu hiyo pia. *Fundi ataje jambo moja kubwa.*

"Mwaka, mama. Runinga yako inaonyesha mwaka uliokwisha kupita."

"Na kubwa kuliko yote ni hilo?"

Mwamvita aliinua macho. Mzee Ngassa alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, midomo yake imebanwa. Ingewezekana kabisa kusema ndiyo, mama, ni hilo tu. Kishikwambi kisingelijua. Lakini yule mama alikuwa amemkazia macho kwa utulivu ambao Mwamvita alidhani ugonjwa ulikuwa umeumaliza, na uongo ukamshinda.

"Ni Kabula, mama," alisema. "Yule anayetangaza hali ya hewa siye. Anatengenezwa na mtambo. Kabula alifariki. Sasa ni miaka saba."

Mikono ya Bi Milembe, iliyokuwa imetulia mapajani, ilianza kushika kitambaa cha gauni na kukiachia, kushika na kuachia. Halafu sauti ikamtoka, nyembamba, ya chini, haikuwa neno. Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mzee Ngassa alivuka sebule kwa hatua tatu akapiga magoti mbele yake.

"Maji?" aliuliza Bi Milembe hatimaye, bila kuinua kichwa. "Yalikuwa maji?"

"Maji, mama," alisema Mwamvita.

"Nilijua atakufa kwa maji. Tangu mdogo alikuwa anayafuata." Akaushika mkono wa mumewe. "Nilimzika?"

"Ulimzika," alisema mumewe. "Ulikuwepo. Uliimba wewe mwenyewe, watu wakaitikia."

Bi Milembe aliinua kichwa, uso wake umelowa, akamtazama mumewe kana kwamba amerudi kutoka safari ndefu.

"Ngassa. Na wewe siku zote hizi unakaa hapa na mimi, unamwangalia?"

Mzee alitazama saa yake.

"Unamwangalia na kucheka ninapocheka?"

"Ndiyo."

"Maskini wewe." Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza begani kwake, na yule mzee akalia kwa kikohozi kikavu cha mtu ambaye hajazoea kulia. Mwamvita alitazama sakafu. Alitamani kutoka, lakini kishikwambi kilikuwa bado kinarekodi na swali lilikuwa bado halijajibiwa.

Ni Bi Milembe aliyelikumbuka. "Andika hapana," alisema juu ya kichwa cha mumewe. "Sitaki mtambo uniite mama. Kama mwanangu amekufa, nataka nijue amekufa. Umeandika?"

"Naandika, mama."

Aliandika *hapana*. Vitufe viwili vikatokea kwenye kioo, kijani cha *alielewa*, kijivu cha *hakuelewa*. Hakugusa hata kimoja.

Walikaa hivyo karibu nusu saa. Wazee wale wawili walizungumza kwa Kinyamwezi, sauti za chini, na mara moja Bi Milembe alicheka katikati ya machozi kwa jambo fulani la utoto wa Kabula. Mwamvita alipanga na kupanga upya vifaa vyake ndani ya begi. Halafu matone ya kwanza yakagonga bati.

Bi Milembe aligeukia dirisha. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mvua," alisema kwa furaha. "Kabula alisema itanyesha. Baba Kabula, nguo zangu."

Mzee Ngassa alisimama polepole. Alimtazama Mwamvita, kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Mwamvita alimfuata.

Nyuma ya nyumba, shuka mabegani, mzee aliitazama saa yake. "Ni saa nane na dakika kumi. Muulize tena."

"Baba, ameshajibu."

"Aliyejibu hayupo. Umemwona mwenyewe. Yuko ndani anasubiri taarifa ya jioni."

"Alielewa, baba."

"Najua alielewa. Nilikuwa pale." Alikuwa anakunja kanga mvuani, ncha kwa ncha, bila haraka. "Sikuulizi kama alielewa. Nakuomba uandike hakuelewa, umuulize kwa ile namna yako ya kawaida, aseme ndiyo. Sasa hivi ukimuuliza atasema ndiyo."

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomtisha Mwamvita.

"Kabla ya Siku Tulivu," mzee aliendelea, "mwezi mmoja aliniuliza Kabula yuko wapi mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja nilimwambia. Kila mara ni kama msiba umeingia siku hiyo hiyo. Mara ya nne alianguka akapasuka hapa." Aligusa unyusi wake. "Ya kumi na moja alitoka na kanga moja, mvuani, akaelekea Igunga kwa miguu. Nimeendesha treni miaka thelathini na moja, binti. Watu wawili walijitupa mbele yangu, na sikuweza kusimamisha. Usinambie mimi habari ya ukweli. Mimi ndiye ninayekuwa mbele yake huo ukweli unapofika."

Simu ya Mwamvita ililia. Alikuwa Chamwela, msimamizi wake, sauti ya mtu mwenye orodha ndefu mezani.

"Hapa naona nyumba hiyo ya Isevya inasubiri. Jibu ni hapana, uthibitisho hakuna. Kuna nini?"

"Mteja amekataa, bosi."

"Mgonjwa wa kusahau amekataa." Chamwela alishusha pumzi. "Mwamvita, kama amekasirika au amelia, hiyo inaitwa hakuelewa. Ndiyo maana kitufe kipo. Saa tisa ikipita bila ridhaa, kifurushi kinafutika chote, na siku ile haiwezi kufumwa tena, maana kumbukumbu ziko kwa Duara. Maliza."

Alikata. Mzee Ngassa alikuwa amesikia yote. Akapita ndani na zile nguo.

Mwamvita alibaki chini ya mchirizi wa bati, kishikwambi kifuani kisilowe. Alirudisha rekodi nyuma na kuisikiliza kwa sauti ndogo. *Kama mwanangu amekufa, nataka nijue amekufa. Umeandika?* Na sauti yake mwenyewe ikijibu, *Naandika, mama.* Aliwaza wale thelathini na wanane. Mmoja alikuwa mwalimu wa Kaliua, mwingine mama mshonaji aliyemshika mkono akamwambia asante mwanangu. Ni wangapi wangejibu hapana kama angewasomea lote? Asingejua kamwe. Alijua jibu la huyu mmoja tu.

Aliwaza pia unyusi uliopasuka, na mwanamke mwenye kanga moja kwenye barabara ya Igunga, na akaona kwamba akibonyeza kijani, yeye ataondoka na begi lake, na aliyebaki sebuleni atakuwa yule mzee.

Saa nane na dakika arobaini na nane aliingia ndani. Bi Milembe alimkaribisha kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Shikamoo mama," alisema Mwamvita.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Runinga imezimika, na binti yangu anatangaza jioni."

Mzee Ngassa alikuwa amesimama kando ya kochi. Macho yake yalikuwa kwenye kidole cha Mwamvita.

Alibonyeza *alielewa*.

Kisimbuzi kililia mlio mmoja mfupi. Mzee alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya hospitali. Hakumtukana, hakumfukuza. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

"Haya," alisema. "Washa basi, tuone."

Saa tisa kamili kisanduku cha Duara kilizima taa zake. Kioo cha runinga kilikuwa cheusi kwa muda wa pumzi mbili, kisha nembo ya Mawanda ikatokea, kisha kijana aliyevaa koti jeusi, mbele ya ramani mpya, akaanza kuzungumzia mvua zilizoanza kunyesha Tabora, Nzega na Igunga.

Bi Milembe alikunja uso. "Huyu ni nani? Kabula yuko wapi?"

Alimgeukia mumewe.

"Baba Kabula. Kabula yuko wapi leo?"

Mzee Ngassa alimgeukia Mwamvita. "Mwambie wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Mwamvita aliweka begi chini. Alivuta ile stuli, akakaa pale pale alipokuwa amekaa, akashika mikono ya Bi Milembe, na safari hii hakukuwa na fomu wala kitaa chekundu. Alimwambia. Aliona mikono ikianza kushika na kuachia, akasikia ile sauti nyembamba ikitoka, na ilikuwa ile ile, kama mtu hajawahi kuambiwa. Bi Milembe alimsukuma, akamwita mwongo, akajaribu kusimama. Mzee Ngassa alimdaka kiunoni, Mwamvita akamdaka upande wa pili, na wote watatu wakaketi sakafuni wakishikana. Kijana wa kwenye runinga aliendelea na mvua zake mpaka mzee alipomzima kwa rimoti.

"Nilimzika?" aliuliza Bi Milembe baada ya muda mrefu.

"Ulimzika, mama," alisema Mwamvita. "Uliimba, watu wakaitikia."

Aliondoka saa kumi na moja. Chamwela alikuwa amepiga simu mara tano, hakuzipokea. Mzee Ngassa alimsindikiza mpaka kizingitini, akafunga mlango bila kwaheri.

Kesho yake, saa moja asubuhi, kabla ya kuripoti kazini, Mwamvita alibisha kwenye mlango ule ule. Hakuwa na begi la vifaa. Alikuwa amefikiria njia nzima atakachosema kama angefungiwa mlango, na hakupata kitu.

Mzee Ngassa alifungua. Macho yake yalikuwa mekundu, shati lake la jana.

"Ameuliza mara mbili tangu alfajiri," alisema. "Ya kwanza nilimwambia. Ya pili nimeshindwa, nikasema yuko safarini."

"Ni nani huyo?" iliita sauti ya Bi Milembe kutoka ndani. "Ni Kabula?"

Yule mzee alifumba macho, akasogea kando ya mlango. Mwamvita alivua viatu, akaingia.